Nimeitwa kuchunga kanisa dogo, wazee wanataka watu waongezeke na moyo wangu uko kwa wahitaji wa mtaani. Naanzia wapi?

Mtumishi_Mpya:

Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mliokaa kwenye utumishi muda mrefu. Nimemaliza chuo cha Biblia, nimekuwa msaidizi wa mchungaji huku nafundisha shule ya msingi, na sasa nimeitwa kuchukua kanisa dogo ambalo mchungaji wake amestaafu. Jumapili watu hawafiki 60, wengi ni watu wazima, vijana ni wa kuhesabu, na watoto wanakaa viti vya nyuma wanasinzia kwa sababu hakuna wa kuwafundisha.

Nilivyokaa na wazee wa kanisa kitu cha kwanza kuniambia ni kwamba wanataka kanisa likue, na wakaweka wazi kabisa kwamba ndani ya mwaka mmoja watu wawe mara mbili. Sio jambo baya, hata mimi sitaki kuhubiria viti vitupu. Ila mtaa unaolizunguka lile kanisa una shida nyingi, kuna vijana wameharibikiwa na pombe na madawa, kuna wajane wanaoishi peke yao, kuna watoto wamefika madarasa ya juu na hawajui kusoma (hilo mimi naliona kila siku kazini), na kanisa linafunguliwa Jumapili tu, siku nyingine zote geti lina kufuli. Nikagusia kwamba ningependa tufungue katikati ya wiki tuanze na hao watoto, mzee mmoja akanijibu kwa upole tu, "mtumishi, misaada haijazi kanisa, wanakula wanaondoka". Wenzake wakaitikia kwa kichwa.

Sasa nabaki najiuliza, hivi kukuza kanisa na kuhudumia jamii ni kazi mbili zinazogombania muda wa mtu mmoja au ni kazi moja? Nikikaza upande mmoja si naua mwingine? Na hili la pili, niache kuajiriwa nikajitoe moja kwa moja au niendelee kufundisha kwanza? Nataka hii iwe kazi ya maisha yangu, sitaki kuwaka miaka miwili halafu nizimike. Nisaidieni.

Mchungaji_Mstaafu:

Amani kwako mwanangu. Nianze na huyo mzee, usije ukamhesabu kuwa ni mpinzani, anachokisema ameshakiona kwa macho yake. Misaada inayotolewa ili watu waje kanisani kweli watu wanakula wanaondoka, na wana haki ya kuondoka, kwa sababu walijua tangu mwanzo kwamba kile chakula kilikuwa ndoana. Nilishawahi kukaa kwenye ugawaji wa namna hiyo, watu wamepangwa foleni, kwanza wasikilize mahubiri ndio wapewe mfuko, na kijana wa kamera amesimama mbele. Mama mmoja alipokea mfuko kwa mkono mmoja na ule mwingine akauinua kuficha uso, yule kijana akamwambia "mama shusha mkono picha itoke vizuri". Akaushusha. Hatukumwona tena, si kwa chakula wala kwa ibada, na mimi nikiwa ndio yeye nisingerudi.

Lakini ukifungua Matendo sura ya 6 utaona huyo mzee ana nusu ya jambo. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku, yakatokea manung'uniko. Mitume hawakusema subirini kanisa likue kwanza ndio tuwaangalie wajane, na wala hawakuacha kuhubiri wakaenda kugawa chakula wenyewe, waliwaambia watu wachague saba wenye sifa njema wakabidhiwe ile kazi. Soma majina ya wale saba, yote ni ya Kiyunani, maana yake kazi walipewa watu wa upande uliokuwa unalalamika! Halafu nenda mstari wa 7, ndipo unapokuta hesabu ya wanafunzi ikazidi sana Yerusalemu na hata makuhani wengi wakaitii imani. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba ni kazi moja, ila si kazi ya mtu mmoja. Ukiibeba peke yako lazima upande mmoja ufe, na mara nyingi unaokufa ni ule wa wahitaji kwa sababu hawapo kwenye kikao kujitetea.

Sasa hiyo "mara mbili". Kabla hujaikubali waulize mara mbili ya nini. Kuna mtu anaitwa Donald McGavran, alizaliwa India 1897, mtoto wa wamisionari na mwenyewe akawa mmisionari hukohuko, alitumia miaka mingi kuuliza swali moja tu, kwa nini kanisa hili linakua na lile la jirani yake halikui wakati wote wanaomba na wote wanajituma. Mwaka 1965 akaanzisha shule ya umisheni kwenye chuo cha theolojia cha Fuller kule California, na waliofuata njia yake wanagawa ukuaji kwa njia tatu: watoto wa waumini wanaokulia kanisani, waumini wanaohama kutoka kanisa lingine, na watu ambao hawakuwa wanamjua Mungu wakamwamini. Wazee wengi wakisema kukua bila kujua wanazungumzia ule wa pili. Unaleta kwaya kali na vyombo vipya, kanisa lako linaongezeka watu 40 na la jirani linapungua watu 40, mbinguni hesabu iko palepale. Ukuaji wa tatu ni wa polepole na unaanzia nje ya geti lako, kwa hiyo huwezi kuupata halafu ukawa huwajui majirani.

Ushauri wangu, miezi ya mwanzo usianzishe mradi wowote. Tembelea. Nyumba za waumini wote kwanza, mmoja mmoja, hata wale walioacha kuja, hasa hao walioacha kuja, halafu majirani wa kanisa. Beba daftari, ukitoka andika majina, nani mgonjwa, nani amefiwa, nani ana ujuzi gani. Utashangaa kwenye hao 60 una nesi, una fundi, una mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kuombwa kitu chochote zaidi ya sadaka. Na yule mzee aliyekupinga mwombe mtembee naye.

Mtunza_Hazina:

Nimesoma hapo juu nikaona hajazungumziwa mtu wa hela kwa hiyo niongezee. Mimi ni mtunza hazina wa kanisa kwa muda mrefu na nasema hivi, makanisa mengi yanayojitoa kwa jamii hayaanguki kwa kukosa upendo, yanaanguka kwa sababu hela ya mayatima na hela ya ibada na hela ya mchungaji ziko kwenye mfuko mmoja na mwenye ufunguo ni mmoja. Hata kama hajaiba chochote watu wataanza kunong'ona na ukishanong'onwa huna la kujibu. Paulo alipokuwa anapeleka mchango wa maskini wa Yerusalemu hakubeba peke yake, soma 2 Wakorintho 8, anasema wazi anataka asilaumiwe na mtu, na mbele za watu si mbele za Bwana peke yake.

Mfano ninaoupenda ni George Müller wa Bristol, Uingereza. Huyu alikuwa mchungaji, mwaka 1830 akaukataa mshahara wa kudumu, 1836 akafungua nyumba ya yatima na mpaka anafariki walikuwa wamepita watoto zaidi ya 10,000. Watu wanapenda kusimulia maombi yake tu, kwamba hakuomba hela kwa mtu. Sawa, lakini kila aliyetoa alipewa risiti na kila mwaka taarifa ya mapato na matumizi ilichapishwa, mtoaji akiitafuta sadaka yake anaikuta. Imani na risiti vilienda pamoja kwa Müller.

Na niwape kingine cha hela kilichogeuka kuwa uchungaji. Bristol hiyohiyo mwaka 1742, watu wa mhubiri John Wesley, mwanzilishi wa Methodisti, walikuwa na deni la jengo, wakakubaliana kila mtu atoe peni moja (sarafu ndogo ya Kiingereza) kwa wiki, wakagawanywa makundi ya watu kama 12 na kila kundi likapewa mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya. Wale wakusanyaji walipopita wakaanza kurudi na habari, huyu anagombana na mkewe, huyu amekutwa amelewa. Wesley akaona hiki ndicho nilikuwa nakitafuta, yale makundi yakabaki na yakawa ndio uti wa mgongo wa Methodisti. Yaani kwa hao 60 wako unahitaji makundi matano tu na viongozi watano unaowaamini, uanze hapo.

Kuhusu kuacha kazi, mimi nasema usiache sasa hivi. Kanisa la watu 60 likibeba familia ya mchungaji yote halibaki na kitu cha kumpelekea mjane. Paulo mwenyewe alishona mahema Korintho, Matendo 18. Kubalianeni na wazee kwa maandishi, kanisa linachangia nini sasa hivi na mtakaa lini kuangalia tena.

Mama_Mchungaji:

Mtunza hazina nakuheshimu sana ila hapo mwisho naomba nipingane na wewe kidogo. Mimi ni mke wa mchungaji ambaye alikuwa na ajira huku anachunga, na ninachojua ni kwamba ile ajira haikuchukua muda wa kanisa, ilichukua wa nyumbani. Kanisa halipungukiwi, anayepungukiwa ni mtoto anayelala kabla baba hajarudi. Simu inaita saa nane usiku mtu amefiwa, anaenda, saa moja asubuhi anatakiwa kazini, jioni kikao, Jumamosi harusi, Jumapili ibada, na Jumatatu ndio siku ambayo wanasema mchungaji anapumzika kwa hiyo wote wenye shida wanakuja Jumatatu. Kwa hiyo kama utaendelea kufundisha, sawa, ila kwenye hayo maandishi iandikwe pia siku yako ya mapumziko na nani anashika simu siku hiyo. Kama hamna wa kuishika ujue bado hujapata wale saba wa Matendo 6.

Na usione kama ni udhaifu. Charles Spurgeon aliitwa kuchunga kanisa London mwaka 1854 akiwa na miaka 19 tu, maelfu walijaa kumsikiliza, akaanzisha chuo cha wachungaji na nyumba ya yatima, na mtu huyohuyo aliteseka na sonona kwa miaka mingi na alilisema waziwazi mbele ya wanafunzi wake. Alifariki 1892 akiwa na miaka 57. David Yonggi Cho wa Korea Kusini alianzia kwenye hema mwaka 1958 kwenye mtaa wa watu maskini Seoul, kanisa likakua na yeye akawa anafanya kila kitu, kubatiza, kutembelea, kuombea, mpaka mwaka 1964 afya ikamwangusha. Alipokuwa hawezi tena ndipo akawakabidhi wanawake uongozi wa vikundi vya nyumbani, jambo ambalo Korea ya wakati ule halikuwa la kawaida kabisa, na vile vikundi ndivyo vilivyolifikisha kanisa lile kwenye mamia ya maelfu ya watu. Mimi nasema usisubiri kuanguka ndio uwakabidhi akina mama. Kwenye kanisa lako wapo, na nina hakika hata sasa hivi ndio wanaowatembelea wagonjwa bila mtu kuwatuma.

Mtunza_Hazina:

Dada nimekuelewa na la siku ya mapumziko nalikubali, liandikwe. Kwa kuwa umemtaja Cho niongeze na lingine ambalo kijana wetu alijue mapema, mwaka 2014 mahakama ya Seoul ilimtia hatiani kwa kulisababishia kanisa hasara kwenye ununuzi wa hisa zilizokuwa za mwanawe, akapewa kifungo cha nje. Sisemi ili kuidharau kazi yake. Nasema kwamba kukabidhi vikundi vya maombi ni rahisi kuliko kukabidhi hela, na kanisa likishakuwa kubwa hakuna anayethubutu kumuuliza mchungaji. Weka utaratibu wa kuulizwa ukiwa bado na watu 60.

Afisa_Ustawi:

Mimi si mchungaji, ni afisa ustawi wa jamii na ni muumini wa kawaida. Nafanya kazi na makanisa sana na naomba niseme yale ambayo huwa tunayakuta yameshaharibika.

Watoto: hilo la kusoma anza nalo, wewe ni mwalimu na mtaa una hitaji hilohilo, hapo huna haja ya mfadhili. Robert Raikes wa Gloucester, Uingereza, hakuwa hata mchungaji, alikuwa mchapishaji wa gazeti, mwaka 1780 akaanzisha shule ya Jumapili kwa sababu watoto walikuwa kazini siku sita zote na hiyo moja ndiyo waliyokuwa nayo ya kujifunza kusoma. Ila kabla mtoto wa kwanza hajaingia weka kanuni: hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto peke yake, wawe wawili kila wakati, mlango uwe wazi, kuna daftari la nani kaleta na nani kachukua, na yeyote anayejitolea aulizwe alikotoka hata kama ni mtoto wa mzee wa kanisa. Likitokea jambo linaenda kwa mamlaka zinazohusika, halimalizwi kikaoni. Hili silegezi hata kidogo.

Vijana wa pombe na madawa: ombeni nao, kaeni nao, lakini msimfungie mtu chumbani aache kwa siku moja. Mtu aliyekunywa sana kwa miaka akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kuchanganyikiwa na wengine wanakufa. Huyo anaanzia hospitali, nyie mnakuwa ndio ndugu zake wa kumsindikiza na kumpokea akitoka. Vilevile asitokee mhubiri wa kumwambia mtu wa kifafa au wa VVU aache dawa kwa imani.

Halafu kabla ya kuamua mnafanya nini waulizeni majirani, na muone nani tayari anafanya kitu hapo, iwe msikiti, shule au kikundi cha akina mama. Mnaweza kukuta mnachohitaji ni kuwapa ukumbi tu. Na msaada bora mara nyingi ni kazi. William Booth alianza na mahubiri ya hema mashariki mwa London 1865, hiyo kazi ndiyo ikaja kuitwa Jeshi la Wokovu mwaka 1878. Walilisha watu, ndio, lakini mwaka 1891 walifungua pia kiwanda cha viberiti. Viwanda vingine vilitumia fosforasi nyeupe, kemikali ya kuwashia iliyokuwa inaozesha taya za wafanyakazi, Jeshi la Wokovu wakatumia ile nyekundu isiyodhuru hivyo na wakalipa vizuri zaidi. Mpaka leo nikikaa na kanisa linalotaka kugawa nguo nawauliza, je mtu huyu kinachomfanya akose nguo ni nini?

Mtumishi_Mpya:

Wapendwa sina cha kuwalipa. Nimesoma mara mbili na nimenakili. Nimeamua siachi kufundisha kwa sasa, na siku ya mapumziko itaandikwa, Mama Mchungaji nimekusikia, na mke wangu amesoma akasema nikuambie asante. Nitaanza kutembelea na huyo mzee nitamwomba twende wote. Kikao kijacho ni karibuni na najua watarudi kwenye ile mara mbili, niwajibuje bila kuonekana nakwepa?

Mchungaji_Mstaafu:

Usikwepe, wape hesabu nyingi zaidi ya waliyoomba. Waambie kila robo ya mwaka utawaletea idadi ya waliohudhuria na chini yake wametokea wapi kati ya zile njia tatu, nyumba ngapi zimetembelewa na nani (sio wewe peke yako), watu wangapi wamekabidhiwa jukumu ambalo hawakuwa nalo, na watoto wangapi walikuwa hawasomi sasa wanasoma. Waambie pia kwamba kuongezeka kwenyewe huwezi kuwaahidi, wafungulie 1 Wakorintho 3:6, "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu". Kupanda na kutia maji ndiko unakoweza kuwaahidi na wakukague mwaka mzima. Wakikataa hata hilo basi ni bora ujue sasa kabla hujahamisha familia.

Mtunza_Hazina:

Na kabla ya hicho kikao omba kuona vitabu vya mapato na matumizi vya miaka mitatu iliyopita, na hati ya kiwanja iko kwa jina la nani. Omba kwa barua, kwa heshima, nakala kwa katibu.

Mtumishi_Mpya:

Barua nimeshaandika, naipeleka kesho.